Nani Anatungoja?



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vinavyosema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu ambao jarida hili huwafikia kupitia mikoba ya watoto wenu, mwaka huu kamati ilituomba tuandike juu ya adabu za mwanafunzi kwa mwalimu wake. Tulikubali mara moja, kwa sababu somo hilo tunalifundisha kila mwaka na maelezo yake tunayo kichwani. Lakini kila tulipokaa kuandika, kalamu ilikuwa nzito. Sababu yake tutaieleza, na tunaomba mtustahimilie, kwa kuwa maelezo yenyewe yanaanzia mahali ambapo hapajazoeleka katika kurasa hizi. Yanaanzia kwenye katuni ya televisheni, na ndani ya katuni hiyo kuna mbwa.

MACHOZI YA DARASANI

Jumatatu moja baada ya Sala ya Alasiri, mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tatu, ambaye hatutamtaja jina, alikuja chuoni macho yamemvimba. Zamu yake ya kusoma ilipofika alikwama kwenye aya ambayo siku iliyotangulia aliisoma bila ya kosa hata moja. Tukamuuliza, "Umepigwa?" Akatikisa kichwa. "Kuna msiba nyumbani?" Akatikisa tena. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Ustadh, mbwa amekufa. Yule wa kwenye katuni."

Darasa zima liliangua kicheko. Hilo si la ajabu, watoto ni watoto. La ajabu, na ndilo tunalolikiri hapa mbele yenu, ni kwamba na sisi tulicheka. Tena tukaongeza neno. Tulimwambia kuwa mtu anayemlilia mbwa wa kuchorwa amekosa cha kulilia. Watoto wakazidi kucheka. Yule kijana akainamisha uso juu ya juzuu yake na hakusoma tena siku ile. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Siku ya tatu tulikwenda kwao kumuulizia. Mama yake alitukaribisha, akatupa kiti, akasema, "Ustadh, mimi sikujua kama kuna kitu cha kumliza mtoto mle ndani. Alikuja binamu yake na kompyuta, wakatazama pamoja. Basi usiku mtoto halali, ananiuliza, 'Mama, mbwa alijua kama mwenyewe harudi?' Mimi nitamjibu nini?"

Nasi tulikosa la kumjibu. Tukaona si haki mwalimu kuhukumu jambo asilolijua. Tukamwomba yule binamu, kijana wa sekondari, atuoneshe walichokitazama. Tukakaa naye barazani tukatazama mwanzo mpaka mwisho. Haikufika hata nusu saa.

KISA CHENYEWE

Katuni hiyo inaitwa Futurama. Ni ya Kimarekani. Ilibuniwa na Matt Groening, ambaye ndiye pia aliyeibuni The Simpsons, na ilianza kuoneshwa mwezi wa Machi 1999. Ni katuni ya kuchekesha, na toka mwanzo mpaka mwisho watu wake ni wa mzaha. Inamhusu kijana aitwaye Fry, mpeleka piza wa mjini New York, asiye na elimu kubwa wala bahati kubwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 anapeleka piza kwenye jumba la watu wanaogandisha wenzao kwa baridi kali, anatumbukia ndani ya mtambo, na anazinduka baada ya miaka 1,000. Anaanza maisha mapya katika dunia ya maroboti na vyombo vya kwendea kwenye sayari nyingine.

Sehemu tuliyooneshwa inaitwa "Jurassic Bark". Iliandikwa na Eric Kaplan na kurushwa kwa mara ya kwanza tarehe 17 Novemba 2002. Mwaka 2003 iliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy, ambayo ni tuzo kubwa ya televisheni huko Marekani, ingawa haikuipata.

Kisa chake ni hiki. Fry anakwenda kwenye jumba la makumbusho pamoja na rafiki yake Bender, ambaye ni roboti. Anakuta duka la piza alilokuwa akifanyia kazi zamani limefukuliwa na kuwekwa maonesho. Humo anaona mabaki ya mbwa yaliyogeuka jiwe. Anamtambua. Ni mbwa wake mwenyewe, Seymour, ambaye siku za nyuma alikuwa akirandaranda bila mwenyewe, Fry akampa chakula, na tangu siku hiyo wakawa hawaachani. Basi Fry anasimama nje ya jumba lile kwa muda wa siku tatu akidai mbwa wake, mpaka wanampa.

Mzee mmoja mtaalamu anamwambia kuwa anaweza kumrejesha yule mbwa akawa hai, pamoja na kumbukumbu zake zote. (Hapa tukumbushane kwamba hayo ni mambo ya kubuni. Anayehuisha na kufisha ni Allah peke yake.) Fry anafurahi kupita kiasi. Bender anaona wivu kwa sababu rafiki yake hamjali tena, na kwa hasira analitupa lile jiwe ndani ya moto unaochemka. Baadaye anajuta, anaingia mwenyewe motoni na kulitoa.

Mambo yote yakiwa tayari, mashine inatoa habari moja. Inasema mbwa huyu alikufa akiwa na umri wa miaka 15. Fry anapiga hesabu. Yeye alipopotea, mbwa alikuwa na miaka 3. Maana yake aliishi miaka mingine 12 bila yeye. Anasita. Anajiambia kuwa miaka 12 ni mingi, bila shaka mbwa alipata maisha yake, akampata mtu mwingine, akamsahau. Hana haki ya kumsumbua. Anaamuru mashine izimwe. Anaamini kuwa amefanya wema.

Kisha sisi watazamaji tunaoneshwa jambo ambalo Fry halijui. Tunaoneshwa mbwa amekaa mbele ya duka la piza, mahali pale pale Fry alipomwambia angoje. Mvua inanyesha, amekaa. Theluji inaanguka, amekaa. Duka linachakaa, mwenye duka anazeeka, na mbwa naye anazeeka, amekaa. Mwisho anajilaza chini na kufumba macho. Hapo ndipo mwisho wake. Hakuna mzaha unaofuata wala maneno ya kuaga.

Yule kijana wa sekondari alitutazama usoni, kisha akageuka upande wa pili kwa adabu. Tunamshukuru kwa hilo.

TUSIHARAKISHE KUCHEKA

Asije mtu akasema kuwa haya ni ya kuchora tu na hayapati kutokea. Huko Japani alikuwako mbwa aitwaye Hachiko, ambaye kila siku alikuwa akienda kumpokea bwana wake kwenye kituo cha treni cha Shibuya, jijini Tokyo. Bwana wake alikuwa profesa wa chuo kikuu, na mwezi Mei 1925 alifariki ghafla akiwa kazini. Mbwa aliendelea kwenda kituoni mpaka alipokufa mwezi Machi 1935, karibu miaka 10. Watu wa pale walimjengea sanamu. Sisi hatujengi masanamu, lakini habari ya uaminifu wa kiumbe yule ni ya kweli na inajulikana.

Na sisi Waislamu tuna habari zilizo kubwa kuliko hizo. Nyinyi nyote husoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Wale vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao walilala miaka 300 na wakazidisha 9. Allah (S.W.) alipoitaja hali yao hakuacha kumtaja mbwa wao, aliyekuwa amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni mwa pango. Na watu walipobishana juu ya idadi yao, mbwa naye alihesabiwa kila mara. Hatusemi haya ili kuifananisha Qur'ani na katuni, tunajikinga kwa Allah na jambo hilo. Tunasema kwamba kiumbe ambaye Mola wake amemtaja katika Kitabu si wa kuchekewa na kila mtu.

Vilevile mnaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, akanywa, alipopanda akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akateremka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda na kumnywesha. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Allah alimsamehe madhambi yake kwa kitendo hicho, na kuwa katika kila chenye uhai mna malipo. Hadithi hiyo imo ndani ya Bukhari na Muslim.

Ni kweli kuwa mate ya mbwa ni najisi, na katika madhehebu yetu ya Shafii chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, na tunaifuata. Lakini hukumu ya tohara haikutupa ruhusa ya kumpiga mawe. Tunawaambia hivyo kwa sababu tumewaona baadhi yenu, mkitoka chuoni na kanzu zenu nyeupe, mkiwawinda mbwa wa pale jalalani kwa mawe na vicheko. Mwacheni muachie nguo zenu tohara yake, na mumuachie naye roho yake.

Na kuhusu machozi, nani aliyetwambia kuwa ni aibu? Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Kulikuwa na shina la mtende ambalo alikuwa akiliegemea anapotoa hotuba. Alipotengenezewa mimbari akaliacha, shina lile lililia mpaka waliokuwamo msikitini wakalisikia. Mtume (S.A.W.) hakulicheka. Aliteremka akalikumbatia mpaka likanyamaza. Shina la mti lililia kwa kuachwa, na Mtume akaliendea. Sisi alitulilia mtoto wa miaka tisa, tukamcheka.

Siku iliyofuata tulimfuata kwao, tukamleta chuoni wenyewe, na mbele ya darasa zima tukamwomba radhi. Wanafunzi walinyamaza kimya, kwa kuwa hawakuzoea kumsikia Ustadh akiomba radhi. Kijana hakujibu kitu. Alikaa mahali pake, akafungua juzuu. Baada ya masomo alibaki nyuma, akatuuliza lile swali lake, "Ustadh, mbwa alijua kama mwenyewe harudi?"

Tulimjibu hivi: "Mbwa anajua nini, anajua Mola aliyemuumba. Lakini jambo moja tumelijua sisi, kwamba yule mwenyewe alidhani amesahauliwa, na dhana yake haikuwa kweli."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi angeuliza."

Akachukua viatu vyake akaenda zake.

MAALIM WETU

Wapenzi wasomaji, neno hilo la mtoto lilitufuata mpaka nyumbani, na hapa ndipo ilipo sababu ya kalamu kuwa nzito.

Sisi tulilelewa na kusomeshwa katika kijiji kimoja cha njia ya Pangani. Toka hapa mjini Tanga hakifiki kilomita 50, na nauli yake ni ndogo kuliko vocha tunazojaza kwenye simu. Maalim wetu alitupokea tukiwa na miaka saba, hatujui alifu wala bee. Hakuwa na mshahara. Alikuwa na shamba la minazi, mke, na chuo chini ya mwembe. Alitufundisha mpaka tukahitimu. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Maalim, alikuwa hamwachi mwanafunzi aondoke na njaa. Mara nyingi tulikula kwake kuliko tulivyokula kwetu.

Tulipopata nafasi ya kwenda kusoma stashahada, tulikuwa na miaka 20. Tulikwenda kumuaga. Tukambusu mkono, tukasema, "Maalim, Idi nitakuja." Akasema, "Inshallah. Tutakungoja."

Idi ile hatukwenda, tulikuwa na mitihani. Iliyofuata tulikuwa tumepata kazi, hatukuwa na ruhusa. Iliyofuata tulikuwa tumeoa. Baada ya hapo sababu zenyewe hatuzikumbuki. Simu ikaibiwa, namba zikapotea, nasi hatukuzitafuta. Na kadiri miaka ilivyopita ndivyo aibu ilivyozidi, na kadiri aibu ilivyozidi ndivyo tulivyojitafutia maneno ya kujiliwaza. Tulijiambia hivi: "Maalim amesomesha mamia ya watoto. Atamkumbuka nani? Amekwisha kupata wengine. Kumwendea sasa ni kumsumbua tu." Miaka 9 ilipita hivyo.

Hebu linganisheni maneno hayo na maneno ya yule Fry. Ni yale yale. Tena Fry ana udhuru, alikuwa amegandishwa na amevukishwa miaka 1,000. Sisi tulikuwa umbali wa kipande cha asubuhi, na kila mwaka tukisimama ubaoni tukiwafundisha nyinyi haki za mwalimu juu ya mwanafunzi.

Ijumaa ile ile, baada ya sala, tulipanda gari.

Kijiji kimebadilika, lakini mwembe upo, na chini yake sasa pamewekwa bati. Maalim tulimkuta barazani juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Macho yake yameingia mtoto wa jicho na haoni tena isipokuwa mwanga. Tukatoa salamu. Akaitikia kwa ukamilifu, kama alivyotufundisha. Kisha akanyamaza, ameinamisha sikio. Tukasema, "Shikamoo, Maalim."

Akasema, "Marahaba." Halafu akauliza, "Ni wewe? Kwani ulisema Idi ipi?"

Hatukuweza kujibu. Tulishika mkono wake tukalia, sisi mwalimu mzima mwenye kilemba, mbele ya watoto wa chuo chake waliokuwa wakituchungulia kutoka chini ya mwembe. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Alituacha mpaka tukamaliza. Akasema, "Basi. Nabii Yaakub alingoja kuliko mimi."

Tukamuuliza, "Mama yuko wapi, tukamsalimie?"

Akasema, "Ametangulia. Huu mwaka wa pili."

Kisha akatueleza, bila ya lawama, kama mtu anayesimulia habari za shamba. Kila Idi Mama Maalim alikuwa akitenga sahani moja ya pilau na kuifunika kawa. Ilikaa hivyo mpaka Alasiri, kisha akawapa watoto wa jirani. Maalim akasema, "Mimi nilimwambia, mtoto amekwisha kusahau. Akanambia, hajasahau, ana shughuli. Mwaka wa mwisho alikuwa hawezi kusimama, akamwambia jirani amtengee."

Nasi maziko yake hatukuyahudhuria. Khitma yake hatukuisoma. Hatukuwa na habari, kwa sababu hatukuuliza.

Baadaye Maalim alituambia, "Haya, soma." Tukasoma Suratul Mulk kwa kichwa. Tulidhani tunasoma vizuri, maana sisi ndio tunaowasomesha watu. Tulipofika mahali fulani akagonga mkeka kwa kidole. "Bado unaikata madda hapo hapo," akasema. Kumbe sisi tuliyejiambia kuwa hatukumbuki, anakumbuka mpaka kosa letu.

Kabla ya Magharibi alitupa mjukuu wake atupeleke makaburini. Tulimwombea Mama Maalim. Tulikaa pale mpaka mjukuu akasema, "Ami, gari la mwisho litakuacha."

FILAMU HUREKEBISHWA

Yule kijana wa sekondari ametueleza jambo moja ambalo tumelithibitisha. Mwaka 2007 watengenezaji wa Futurama walitoa filamu iitwayo Bender's Big Score, na ndani yake wakakigeuza kile kisa. Huko inaonekana kuwa Fry mwingine, nakala ya yule wa kwanza, alirudi nyuma kwenye miaka ile na kuishi na mbwa wake. Kwa hiyo mbwa hakungoja peke yake. Tulimsimulia mwanafunzi wetu habari hii, akafurahi.

Lakini sisi wengine na tuzingatie. Mwenye kuchora anaweza kurudi baada ya miaka mitano akafuta huzuni aliyoichora. Kwetu sisi hakuna nakala itakayorudi nyuma ikale ile sahani ya pilau. Kilichobaki ni dua, sadaka kwa niaba yake, na kumuunga Maalim aliyebaki. Basi kila mwezi sasa tunakwenda. Alhamdulillah, na daktari amesema macho yake yanaweza kupasuliwa. Wanafunzi wake wa zamani tumeanza kutafutana na kuchangishana. Kila tunayempata anasema neno lile lile, "Nilidhani amenisahau."

YA KUZINGATIA

Kwa nyinyi wanafunzi:

1. Mwenzako akilia, muulize kabla ya kumcheka. Huenda amefahamu jambo ambalo wewe hujalifahamu bado.

2. Wahurumieni wanyama. Msirushie mawe kiumbe asiyewadhuru. Mkiona mwenzenu anafanya hivyo, mkatazeni, na mseme ni Ustadh aliyewatuma.

3. Mkimuahidi mtu kuwa mtarudi, rudini. Mkichelewa, pelekeni salamu. Kuchelewa kuna tiba, na tiba yake ni kwenda leo, hata kama ni kwa aibu.

4. Msimhukumu mtu kuwa amewasahau. Ulizeni.

Kwa nyinyi wazazi wetu:

Tusije tukanukuliwa kuwa Ustadh amewahimiza watoto kutazama katuni. Hii tuliyoieleza ilitengenezwa kwa ajili ya watu wakubwa. Humo yule roboti anakunywa pombe na kuvuta sigara, na kuna mizaha mingine isiyofaa masikioni mwa watoto. Si kila kilichochorwa ni cha mtoto. Kaeni nao, mjue wanatazama nini, na wakiuliza, muwajibu. Mtoto aliyeuliza "mbwa alijua?" alikuwa anauliza jambo kubwa, na alikuwa peke yake nalo usiku kucha.

Na neno la mwisho ni letu sote, wakubwa kwa wadogo. Usiku wa leo kila mmoja wetu akae ajiulize: nani anatungoja? Ni bibi gani kijijini, shangazi gani, mwalimu gani, jirani gani wa zamani, ambaye tulimwambia "nitakuja" tukaendelea na shughuli zetu? Tunajua kuwa yuko. Na tunajua maneno tunayojiambia.

Maalim ametuagiza tuwafikishieni salamu zake. Amesema likizo inayokuja tuwalete mfike mpaka chuoni kwake, mkasome, naye awasikilize. Tumemwahidi, na safari hii tarehe tumeitaja. Wazazi watakaopenda kuchangia usafiri waonane na kamati.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Mama Maalim, amponye Maalim wetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia na awape afya waliobaki. Atujaalie nyoyo laini, na atufanye miongoni mwa wanaotimiza ahadi. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.